Kupandisha daraja la kuachishwa jeshi Marekani: maana yake, na jinsi linavyogusa ada ya chuo

Kila askari anayetoka katika jeshi la Marekani hukabidhiwa fomu iitwayo DD 214. Imejaa visanduku: tarehe ya kuingia, cheo, nishani, kozi alizosoma. Kisanduku cha 24 ndicho kinachotazamwa na kila mtu baadaye, kwa sababu hapo pameandikwa ametoka kwa sifa gani. Kupandisha daraja la kuachishwa ni kuiomba bodi ya jeshi ibadilishe kilichoandikwa hapo, na mara nyingi kisanduku cha 28 pia, kinachotaja sababu ya kutoka.

Wengi wanaoulizia jambo hili wanatafuta kitu kimoja tu, nacho ni GI Bill, yaani mafao ya elimu ya askari. Kwa hiyo tuanze na madaraja yenyewe, ndipo tuone elimu inapotea wapi.

Madaraja ni matano. La juu ni la heshima. Linafuata la jumla, ambalo jina lake kamili linasema ni la jumla chini ya masharti ya heshima. La tatu ni pungufu ya heshima. Hayo matatu hutolewa kwa njia ya utawala, bila kesi mahakamani: kamanda anaandika mapendekezo, karatasi zinapanda ngazi, askari anatoka. Mawili ya chini, la mwenendo mbaya na la fedheha, hayatoki ila kwa hukumu ya mahakama ya kijeshi. Pembeni wapo walioondoka mapema wakiwa bado mafunzoni. Utumishi wao huandikwa kuwa haukupewa sifa yoyote, si nzuri wala mbaya.

Mtego umekaa kwenye daraja la pili. Askari akisikia "chini ya masharti ya heshima" huona mambo yamekwisha vizuri, anasaini, anaenda zake. Na kwa sehemu kubwa yuko sawa: daraja la jumla halimzuii kutibiwa katika hospitali za VA, ile idara ya serikali inayohudumia askari wa zamani, wala kudai fidia ya ulemavu alioupata kazini, wala kuomba dhamana ya mkopo wa nyumba. Elimu tu ndiyo imefungwa. GI Bill inadai daraja la heshima kamili.

Na kinachopotea si kidogo. GI Bill ya sasa, iliyoanza kulipa Agosti 1, 2009 na inayohesabu utumishi wa kuanzia Septemba 11, 2001, humpa mtu hadi miezi 36 ya masomo. Aliyetumikia miezi 36 au zaidi hulipiwa kwa asilimia 100: ada yote ya chuo cha umma kwa kiwango cha wakazi wa jimbo, posho ya nyumba ya kila mwezi, na hadi dola 1,000 kwa mwaka za vitabu na vifaa. Hiyo ni shahada nzima bila mkopo. Wenye uchungu zaidi ni wale walioingia kwenye mpango wa zamani zaidi, ule wa Montgomery, ambao hukata mshahara wa askari dola 100 kwa mwezi kwa miezi 12. Askari akitoka kwa daraja la jumla, ile 1,200 yake hairudi na darasani haingii.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Rais Roosevelt aliposaini GI Bill ya kwanza, Juni 22, 1944, ilitosha mtu awe hakutoka kwa fedheha. Sharti la heshima kamili lilikuja na mpango wa Montgomery, ulioanza 1985. Lakini hata ile sheria ya 1944 ilikuwa na shimo lake. Siku hizo kulikuwa na hati ya kuachishwa iliyochapwa kwenye karatasi ya buluu, isiyosema heshima wala fedheha, na waliopewa kwa wingi kupita kiasi walikuwa askari weusi na wale waliodhaniwa kuwa mashoga. VA iliwanyima wengi wao mafao, chuo kikiwemo. Hati ya buluu ilifutwa 1947. Kinachonivutia ni kwamba sheria hiyohiyo ya 1944 ndiyo iliyounda bodi za kupitia upya hati za kuachishwa. Waliotunga zawadi walijua kwamba ugawaji wake ungekuwa na dhuluma, wakaweka na mahali pa kulalamikia.

Leo mahali hapo ni pawili.

Kwanza kuna Bodi ya Kupitia Uachishwaji. Kila tawi la jeshi lina yake. Wanamaji na Marines wanatumia moja, Jeshi la Anga na la Anga za Juu moja. Maombi hupelekwa kwa fomu DD 293, ndani ya miaka 15 tangu siku ya kutoka. Mwombaji anaweza kuomba wajumbe wapitie karatasi tu, au wamsikilize mwenyewe. Bodi hii haina mamlaka juu ya hukumu za mahakama kuu ya kijeshi.

Pili kuna Bodi ya Kurekebisha Kumbukumbu za Kijeshi, ambayo wajumbe wake ni raia. Fomu yake ni DD 149. Muda wake kisheria ni miaka mitatu tangu mtu agundue kosa, ila bodi inaweza kuusamehe ikiona haki inadai hivyo, na ndiyo maana hata wazee waliopigana vita vya Vietnam wameendelea kuomba. Aliyepitisha miaka 15 huja huku. Aliyekataliwa na bodi ya kwanza naye huja huku. Waliotoka tangu Desemba 20, 2019 wana na ngazi ya tatu ya rufaa, lakini hadi wamalize hizo mbili.

Sasa tufike penye kiini, pale ambapo maombi mengi hufa. Mtu anajaza fomu, na kwenye nafasi ya maelezo anaandika ukweli wake: nimetulia, nina watoto wawili, nataka kusoma uuguzi, bila GI Bill sitaweza. Ni maneno ya kweli na yanagusa moyo. Bodi inayasoma, kisha inajibu kwamba haipandishi daraja kwa ajili tu ya kumwezesha mtu kupata mafao. Jibu hilo limeandikwa katika maamuzi mengi mno. Kwa bodi, mafao ni kazi ya VA. Kazi yake yenyewe ni kuamua kama daraja lilitolewa sawasawa. Kwa hiyo yule anayetaka chuo inambidi ajenge hoja isiyosimama juu ya chuo. Anaweza kukitaja, kama sehemu ya maisha aliyoyapanga, lakini hakiwezi kuwa nguzo.

Nguzo ni mbili. Moja ni utaratibu: je, jeshi lilifuata kanuni zake? Alinyimwa wakili aliyestahili? Kamanda alitumia kifungu kisichomhusu? Nyingine ni haki: hata kama kanuni zilifuatwa, je, adhabu ililingana na mtu na kosa? Askari wa miaka mitatu mizuri, mwenye nishani, aliyefeli kipimo kimoja cha mkojo cha dawa za kulevya baada ya kurudi kutoka Afghanistan, ana hoja ya haki hata kama kila saini ilikuwa mahali pake.

Huko Afghanistan na Iraq ndiko kulikobadilisha mambo. Maelfu walirudi na kiwewe au majeraha ya ubongo, wakaanza kunywa, kupigana, kutoroka kambini, na jeshi likawafukuza kwa tabia ambayo kwa kweli ilikuwa dalili ya ugonjwa. Septemba 2014 Waziri wa Ulinzi Chuck Hagel alitoa waraka akiziagiza bodi ziyapime kwa upana wa moyo maombi ya wenye kiwewe cha vita. Agosti 2017 ukaja waraka wa pili, unaoitwa wa Kurta kwa jina la aliyeusaini, ukaongeza magonjwa mengine ya akili, majeraha ya ubongo na waliodhalilishwa kingono jeshini. Huo ndio unaofaa kusomwa na mwombaji kabla hajashika kalamu, kwa sababu unataja maswali manne ambayo bodi lazima ijiulize. Je, mtu huyu alikuwa na hali au tukio linaloweza kueleza kosa lake? Je, lilikuwepo wakati akiwa jeshini? Je, kweli linalieleza au kulipunguza kosa? Na je, lina uzito kuliko kosa lenyewe? Waraka huo unasema pia kwamba ushuhuda wa mwombaji peke yake unaweza kutosha kuthibitisha kuwa tukio lilitokea. Hili ni muhimu sana kwa aliyebakwa na hakuripoti. Julai 2018 ukafuata wa Wilkie, unaohusu huruma na nafasi ya pili hata pasipo ugonjwa: umri aliokuwa nao, muda uliopita, maisha yake tangu hapo.

Kwa maoni yangu, barua nzuri ya mwombaji ni ile inayoyajibu maswali manne moja baada ya jingine, kwa tarehe na majina ya vituo, bila kumtukana kamanda. Inaambatana na cheti cha daktari, barua ya mke au mama aliyeona mabadiliko, barua ya askari mwenzake aliyekuwepo, na kumbukumbu zake zote za utumishi, ambazo huombwa bure kutoka hifadhi ya serikali iliyoko St. Louis, Missouri. Asiziruke zile kumbukumbu. Bodi inazo, na akisema jambo linalopingana nazo, ameumia.

Kundi jingine ni waliofukuzwa kwa kuwa mashoga, chini ya sera ya "usiulize, usiseme" iliyofikia mwisho Septemba 2011. Wengi walitoka kwa heshima, lakini wengine walishushwa. Mwaka 2024 Wizara ya Ulinzi ilitangaza kuwa imepitia yenyewe kesi za namna hiyo na kuwapandisha zaidi ya watu 800, bila wao kuomba.

Huo ni upekee, usiujengee matumaini. Kuna uvumi wa miaka mingi, unaosemwa hata kambini siku ya kutoka, kwamba baada ya miezi sita daraja hupanda lenyewe. Halipandi. Ngojangoja huumiza matumbo, na hapa inakula na ile miaka 15.

Uvumi wa pili unatokana na VA. Mwenye daraja pungufu ya heshima anaweza kuiomba VA ichunguze utumishi wake, na ikiridhika ikamfungulia matibabu au fidia. Kanuni za uchunguzi huo zililegezwa Juni 2024. Lakini uamuzi wa VA haugusi kisanduku cha 24, na haumpi GI Bill. Watu hupata barua ya VA yenye habari njema, wakakimbilia ofisi ya chuo, wakarudishwa.

Kabla ya kuomba chochote, angalia vipindi vyako. Aliyetumikia mkataba wa kwanza wa miaka minne akaumaliza kwa heshima, akasaini wa pili na kuharibikiwa huko, huenda tayari anastahili elimu kwa kile kipindi cha kwanza. Aiombe VA moja kwa moja. Wako wanaopigania bodi kwa miaka kwa kitu walichokwisha kukichuma.

Kwa Waswahili walioko Marekani suala hili lina upande mwingine. Mwenye green card anaweza kujiunga na jeshi, na Wakenya wengi wamefanya hivyo. Ulikuwepo pia mpango wa MAVNI, uliochukua hata wasio na green card kwa ajili ya lugha wanazozijua, Kiswahili kikiwa mojawapo, hadi ulipofungwa 2016. Anayepata uraia kwa njia ya jeshi anaweza kuvuliwa uraia huo akiachishwa chini ya masharti yasiyo ya heshima kabla ya kutimiza miaka mitano ya utumishi wa heshima. Daraja la jumla halimfikishi huko, la tatu linaweza. Kwa hiyo mhamiaji anayewekewa karatasi mezani akiambiwa "saini, utoke haraka, usipelekwe mahakamani" ana zaidi ya ada ya chuo anachokiweka rehani. Asisaini kabla hajaongea na wakili wa kijeshi, ambaye halipwi na askari, na pia wakili wa uhamiaji.

Maombi kwenye bodi zote mbili hayana ada. Vyama vya askari wa zamani husaidia bure, na vyuo kadhaa vya sheria vina kliniki za msaada wa kisheria kwa kazi hii. Kliniki ya Chuo Kikuu cha Yale ilisimamia kesi ya Kennedy dhidi ya Jeshi la Nchi Kavu, iliyomalizika kwa suluhu 2021 na kuilazimisha bodi kufungua upya maelfu ya maombi iliyokuwa imeyakataa. Majibu huchukua miezi mingi, wakati mwingine hupita mwaka. Yakiwa mema, inatolewa DD 214 mpya, na hiyo ndiyo inayoambatanishwa na fomu 22-1990 ya kuiomba VA mafao ya elimu. Aliyeikosa mara ya kwanza kwenye bodi ya karatasi tu bado anaweza kuomba asikilizwe mwenyewe, mradi miaka 15 haijaisha.