Barua za mashabiki hazikuandika Star Trek

Hapa Lamu, kwenye mabaraza ya Mkunguni, mjadala wa tamthilia za kisayansi ukipamba moto utasikia hoja hii: mashabiki waliiokoa Star Trek, tamthilia ya Kimarekani ya safari za angani, basi mtayarishaji afuate wanachotaka.

Nusu yake ni kweli. Mwaka 1968 barua zilimiminika NBC, kituo cha televisheni kilichoirusha, na msimu wa tatu ukapatikana. Lakini ulipangwa Ijumaa saa nne usiku, bajeti ikapunguzwa, na mwaka 1969 kipindi kikakoma. Barua zilidai kipindi kiendelee. Hazikumpangia mtunzi nani afe.

Mfano ninaoupenda zaidi ni Babylon 5, tamthilia nyingine ya angani. Mtunzi wake, J. Michael Straczynski, alizungumza na mashabiki kwenye intaneti tangu miaka ya 1990, akajibu maswali yao, ila aliwakataza kabisa kumpa mawazo ya hadithi. Shabiki mmoja alipotaja wazo lililofanana na kisa alichokuwa nacho tayari, kisa kikawekwa kando hadi shabiki huyo alipotia saini kwamba hatadai chochote. Wazo la bure linaweza kuishia kwa mawakili.

Je, mtazamaji asisikilizwe? Asikilizwe sana! Abiria humwambia fundi wa Matondoni kwamba jahazi linavuja, lakini hamshikii randa. Mwaka 1963 Sydney Newman, mkuu wa tamthilia wa BBC, hakutaka viumbe wa kutisha ndani ya Doctor Who, tamthilia ya kisayansi ya Uingereza. Watazamaji wakawapenda mno Daleks, viumbe wa aina hiyohiyo waliotokea humo, na mwaka uliofuata wakarudishwa, katika kisa kipya kilichotungwa na Terry Nation yuleyule aliyewabuni.