Je, wajua kuna jamaa alifuatilia maisha ya watu walewale kwa miaka 55? Aliwezaje?

Jamaa mwenyewe ni Michael Apted, Mwingereza, na kazi yenyewe inaitwa Up series. Kwangu mimi hakuna dokumentari ya maisha ya watu inayoifikia, na hao watu wala hawakuwa mastaa, ni watu wa kawaida kabisa.

Ilianza hivi. Mwaka 1964 televisheni ya Granada kule Uingereza iliwachukua watoto 14 wa miaka 7, wavulana 10 na wasichana 4, ikawauliza vitu vya kawaida tu, unapenda nini, ukikua unataka kuwa nani. Wengine walitoka shule za matajiri na walikuwa wanakutajia kabisa watasoma sekondari gani na chuo gani, Oxford au Cambridge, afu kulikuwa na wa familia za hali ya chini wa East End London, na wawili walikuwa wanalelewa kwenye kituo cha watoto. Mmoja wa hao wawili, Paul, alipoulizwa habari za chuo kikuu akauliza chuo kikuu ndo nini. Hapo ndo palikuwa na lengo la kipindi, kuonyesha kwamba Uingereza mtoto akifika miaka 7 tabaka lake limeshampangia maisha.

Apted hakuwa hata mwongozaji wa kile kipindi. Mwongozaji alikuwa Mkanada, Paul Almond, na Apted alikuwa kijana aliyetoka tu Cambridge, kazi yake ilikuwa kuzunguka mashuleni kutafuta watoto. Na ilikuwa iwe mara moja tu basi. Baadaye likaja wazo la kurudi kuona wale watoto wameishia wapi, Apted akarudi nao 1970 wakiwa na miaka 14, safari hii yeye ndo mwongozaji, na kuanzia hapo kila baada ya miaka 7 anawagongea mlango tena mpaka 63 Up ya 2019 (hiyo namba kwenye jina la kila filamu ndo umri wao). Katikati hapo alikuwa anaongoza filamu kubwa za Hollywood, Gorillas in the Mist ya 1988 ambayo walienda kuipiga Rwanda, na James Bond wa 1999, lakini miaka 7 ikifika anarudi kwa watu wake.

Sasa nguvu yake inatoka wapi? Ni kwenye uhariri. Unamuona mtu ana miaka 42 anaongea, inakatwa unamuona yuleyule akiwa na 7, afu 21, halafu unarudishwa kwenye 42, na hakuna haja ya mtu kukuelezea chochote, umri wenyewe unaongea.

Chukua Neil wa Liverpool. Akiwa na 7 ni mtoto mchangamfu anayerukaruka, anataka kwenda anga za juu au awe dereva wa basi. Akiwa na 21 ameacha chuo, anafanya vibarua vya ujenzi London na anaishi kwenye nyumba aliyojiingiza tu, na akiwa na 28 hana makazi, anatangatanga Scotland, unamtazama unaogopa kwamba miaka 7 ijayo hatakuwepo. Akiwa na 42 ni diwani London! Na aliyempa pa kukaa alipofika huko ni Bruce, mmoja wa wale watoto 14. Hakuna mwandishi angethubutu kuitunga hiyo.

Tony naye ni wa East End, alitaka kuwa joki wa mbio za farasi, akapanda mashindano machache ikashindikana. Apted akaamini kabisa kwamba huyu ataishia jela, kwa hiyo wakati wa 21 Up akazunguka naye maeneo ya wahalifu akapiga picha za akiba, ili siku Tony akifungwa ziwepo. Tony akawa dereva wa teksi, akaoa, akajenga familia. Apted mwenyewe alikiri hadharani kwamba alikosea, na naona hicho ni kitu kila anayeshika kamera kwenda kurekodi maisha ya mtu angetakiwa kukijua kabla hajawasha.

Na wahusika hawakukaa kimya. Kwenye 49 Up Jackie alimjia juu mbele ya kamera kwa jinsi anavyomuonyesha, na Apted akaiacha ndani ya filamu. Mwingine, Peter, alijitoa baada ya 28 Up kwa sababu magazeti yalimshambulia kwa maoni yake ya siasa, akarudi kwenye 56 Up kwa sababu ana bendi anataka watu waijue. Kwa hiyo kuaminiana hakukuja bure, ilibidi kujengwe upya kila baada ya miaka 7, na kuna waliokataa moja kwa moja.

Kasoro ipo pia. Wasichana 4 kati ya 14 ni wachache mno, na Apted alisema hilo lilimuumiza, maana hiyo miaka ndo maisha ya wanawake Uingereza yalibadilika kuliko ya mtu yeyote na yeye hakuwa na watu wa kutosha wa kulionyesha.

Lynn, mmoja wa wale wasichana 4 aliyekuja kuwa mkutubi wa watoto, alifariki 2013, Apted mwenyewe akafuata Januari 2021. Kama hujawahi kuziona anza na 28 Up, kila filamu inarudia vipande vya nyuma kwa hiyo hutapotea.