Nywele bado zinapungua, nawe unataka kupandikiza

Wengi huanza kuwaza upandikizaji wa nywele siku wanapoona picha yao iliyopigwa kwa juu. Utosi unang'aa, mapanja yamepanda, na mtu anataka jambo limalizwe mwezi huohuo. Haraka hiyo ndiyo mama wa dhana nyingi potofu, na ubaya wake ni kwamba mwaka wa kwanza makosa hayaonekani. Huja kuonekana baada ya miaka 10.

"Nikishapandikiza, upara umekoma."

Upasuaji haugusi chanzo. Kwa wanaume wengi upara ni wa kurithi: vifuko vya nywele (vishimo vya ngozini zinamoota) vya mbele na vya utosini haviihimili homoni ya DHT, ambayo mwili huitengeneza kutokana na testosteroni. Vifuko hivyo husinyaa kidogo kidogo hadi vinaotesha malaika tu badala ya nywele. Vya kisogoni na vya juu ya masikio kwa kawaida havijali. Daktari Norman Orentreich wa New York alieleza mwaka 1959 kwamba nywele zikihamishwa huhama na tabia ya kule zilikotoka, na ndiyo sababu za kisogoni hudumu hata zikipandwa penye upara. Lakini nywele za asili zilizo jirani nazo hazikubadili tabia. Zinaendelea kunyonyoka kama zilivyokuwa zikifanya.

Chukua kijana wa miaka 24 aliyejaziwa ukingo wa mbele tu. Akifika miaka 35, ukingo ule upo, mnene vilevile, ila nyuma yake nywele zimekwisha. Anabaki na kisiwa cha nywele kwenye paji, kisha uwazi, kisha nywele za pembeni. Upara wa kawaida haukai hivyo, na kila anayemtazama anajua kuna mkono wa mtu.

Hakuna umri mmoja uliowekwa kwa watu wote, ila madaktari wengi husita kumpasua mtu aliye chini ya miaka 25. Sababu ni hiyo: bado hajulikani upara wake utaishia wapi.

"Kisogo changu kimejaa, nywele za kuhamisha haziwezi kuisha."

Hapa tufanye hesabu. Kinachohamishwa si unywele mmojammoja bali kishina, yaani kikundi cha asili chenye nywele 1 hadi 4. (Anayekuahidi "nywele 4,000", muulize kama anahesabu nywele au vishina. Tofauti yake ni kama mara mbili.) Kwa mtu wa wastani, vishina vinavyoweza kutolewa kisogoni maisha yake yote bila kuharibu sura ya kisogo hukadiriwa kuwa kama 6,000. Wako wenye zaidi, wako wenye pungufu kabisa.

Sasa tazama upande wa pili. Katika kipimo cha Norwood, kinachopanga upara wa wanaume kwa madaraja, ambacho James Hamilton alikianzisha mwaka 1951 na O'Tar Norwood akakirekebisha mwaka 1975, daraja la 7 ndilo la mwisho. Kichwa kilichofika huko kinaweza kuwa na sentimita za mraba 200 za upara. Ukipanda vishina 40 tu kwa kila sentimita ya mraba, ambayo ni pungufu sana ya wingi wa asili, unahitaji 8,000. Ghala halitoshi. Na kishina kikishang'olewa kisogoni, pale kilipotoka hapaoti kingine. Panabaki kovu dogo kama nukta, au mstari mmoja mrefu ikiwa ulikatwa ukanda wa ngozi.

Kwa hiyo upandikizaji wa kwanza ni suala la mgawo. Mbele ndiko kunakobeba sura, ndiko kwa kuanzia. Utosi hula vishina vingi, na duara lake huendelea kupanuka kuzunguka sehemu uliyoijaza. Mimi ningeuacha hadi mwisho, hata kama ndio uliokuudhi kwenye ile picha.

"Nirudishieni ukingo niliokuwa nao nikiwa na miaka 17."

Ukingo wa ujana hupanda kidogo kwa wanaume wengi, hata wasiopata upara kamwe. Ukipandwa chini mno hula akiba, na kuuondoa ni kazi ya kovu na gharama. Uliopandwa juu unaweza kushushwa baadaye.

"Dawa ni za mwoga wa upasuaji."

Dawa hulinda nywele ambazo bado unazo. Upasuaji unajaza zilipokwisha kutoka. Finasteraidi ya miligramu 1, iliyoidhinishwa Marekani kwa upara wa wanaume mwaka 1997, hupunguza DHT mwilini. Minoksidili hupakwa kichwani na husaidia nywele zikae muda mrefu katika hatua ya kukua. Zote mbili hutaka subira ya miezi, na ukiziacha faida yake hupotea. Finasteraidi huwapunguzia baadhi ya wanaume hamu ya tendo la ndoa au nguvu zake. Pia hushusha karibu nusu kipimo cha PSA, kile cha damu cha kuchunguza saratani ya tezi dume, hivyo mwambie anayekupima. Mwenye mimba hapaswi kushika vidonge vyake vilivyovunjika.

Kutumia dawa mwaka mzima kabla ya kisu kunakuonyesha kama upara unatulia. Asiyetaka dawa ana haki yake, ila basi mpango wake uwe wa mkono mzito kuliko wa mwingine: vishina vichache, ukingo wa juu, utosi usiguswe.

"Kupungua kote ni upara, na upara dawa yake ni kupandikiza."

Hili ndilo linalonitia wasiwasi kuliko mengine, hasa kwa wanawake. Nywele hunyonyoka kwa wingi miezi miwili mitatu baada ya kujifungua au homa kali, na mara nyingi hurudi zenyewe. Upungufu wa madini ya chuma na matatizo ya tezi ya shingo nayo hupunguza nywele. Kusuka kwa kubana hula mapanja. Ukiacha mapema zinarudi, ukichelewa pale panabaki peupe. Kisha yapo magonjwa yanayoacha makovu, mojawapo likianzia utosini na kuwapata zaidi wanawake wenye asili ya Afrika. Ukipanda nywele juu ya ugonjwa ulio hai, nao utazila hizo mpya. Wakati mwingine daktari wa ngozi hulazimika kukata kipande kidogo cha ngozi kikapimwe. Na kama kisogo chenyewe kinapungua sawa na utosi, hakuna ghala la kuchotea.

Nywele za kipilipili zina jambo lake: shina la unywele hujipinda hata chini ya ngozi, hivyo ni rahisi kulikata wakati wa kulitoa. Zinataka mkono uliozizoea, na mwenye historia ya makovu ya kuvimba aiseme mapema. Faida ni kwamba msokoto hufunika eneo kubwa kwa vishina vichache.

"Mwezi mmoja tu, nakuwa mtu mwingine."

Mwezi mmoja baadaye huenda ukawa na nywele chache kuliko ulizoingia nazo. Zilizopandwa hudondoka kati ya wiki ya 2 na ya 6, huanza kuota tena mwezi wa 3 au wa 4, na matokeo hupimwa baada ya miezi 12. Nywele zako dhaifu zilizo katikati ya zilizopandwa nazo hushtuka na kuanguka, na zile zilizokuwa zimesinyaa sana huenda zisirudi. Ndiyo maana kupanda mahali ambapo bado pamejaa nusu na zaidi kunaweza kukupa faida ndogo kuliko hasara. Wakati wa kusubiri piga picha kila miezi mitatu, mwanga uleule, pembe ileile, nywele zikiwa kavu na zikiwa zimelowa, uzipeleke kwa daktari siku ya mazungumzo.