Msuguano si adui wa baiskeli yako

Jana jioni nilikuwa kwa fundi baiskeli hapa Ngamiani, Tanga, nikingoja pancha izibwe. Kijana mmoja wa kidato cha sita akamweleza fundi, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kupata A, kwamba msuguano ndio unaochosha waendesha baiskeli. "Usingekuwepo, mzee, unakanyaga pedali mara moja tu unaibukia Muheza." Fundi akatikisa kichwa kukubali. Mimi, niliyetoka kusahihisha madaftari yenye kosa hilohilo, chai ikanipalia.

Usingekuwepo, tairi la nyuma lingezunguka palepale, na wewe ungekuwa Ngamiani mpaka adhana ya magharibi.

Kanuni ya kubiringika bila kuteleza mnaijua: mwendo wa ekseli ni sawa na kasi ya mzunguko mara nusu kipenyo. Naipita. Wasichokubali watu ni maana yake: pale tairi linapogusa ardhi, kwa nukta ile ya wakati, limesimama. "Limesimamaje, mwalimu, na baiskeli inakwenda?" Nenda ufukwe wa Raskazone maji yakiwa yamekupwa, upitishe baiskeli kwenye mchanga mbichi, kisha rudi uangalie. Meno ya tairi yamejichora wazi kama muhuri wa serikali ya mtaa. Muhuri ukiuburuza karatasini, nani atasoma? Sasa kimbiza baiskeli, ubane breki ya nyuma mpaka gurudumu ligome kuzunguka. Utaacha mfereji. Huko ndiko kuteleza. Ekseli ikienda mita 5 kwa sekunde, chini ni sifuri na juu kabisa ya tairi ni mita 10. Ndiyo maana kwenye picha ya baiskeli inayopita, spoki za chini huonekana na za juu huwa ukungu. (Nimesema mwendo ni sifuri, sikusema mchapuko, yaani jinsi mwendo unavyobadilika kila sekunde. Mchapuko upo, unaelekea juu kwenye ekseli. Waliochanganya wanajijua.)

Sasa kwenye kinachoniudhi hasa: myu (kipimo cha mshiko kati ya tairi na barabara) mara N (kani ambayo barabara inalisukumia gurudumu juu). Mwanafunzi akiona gurudumu tu, kalamu inajiandikia yenyewe. Jamani! Kama hakuna kuteleza, huo ni msuguano tuli, na msuguano tuli hauna kiasi chake maalumu. Hutoa kinachohitajika, basi, mpaka ufike kikomo. Mangi wa dukani akikubali kukukopesha hadi shilingi 10,000, haina maana unadaiwa 10,000. Huenda umechukua kiberiti tu. Chukua mtu na baiskeli yake, jumla kilo 80, anaongeza mwendo kwa mita 0.5 kwa sekunde kila sekunde. Achana na upepo: anahitaji kani ya nyutoni 40. Gurudumu la nyuma likibeba nyutoni 500, na myu ikiwa 0.8, kikomo ni 400. Anayeandika 400 kamtwisha mwenzake deni mara kumi.

Na mishale ya kani kwenye michoro! Unapokanyaga, tairi la nyuma linaisukuma barabara nyuma, barabara inakusukuma wewe mbele. Mshale wa gurudumu la nyuma unaelekea mbele. La mbele halina mnyororo. Fremu ndiyo inayolisukuma, na ardhi hulishika kidogo kwa nyuma ili lizunguke. Mishale miwili, baiskeli moja, pande mbili tofauti. Ukibana breki zote, yote inageukia nyuma. Hakuna mshale wa kukariri.

Kuna binti aliwahi kuniuliza: kama nukta ya chini haisogei, msuguano haufanyi kazi yoyote (kani mara umbali), basi nishati ya baiskeli inatoka wapi? Nikajibu "miguuni," nikafuta ubao haraka. Jibu ni sahihi: ardhi inatoa msukumo, ugali wako unatoa nishati. Lakini kani inayokupeleka mbele bila kufanya kazi bado hainikai vizuri mdomoni, ingawa hesabu zake nazijua.

Tena nikiri jingine. Tairi la mpira haligusi ardhi kwa nukta. Linalala kwa kipande kizima, na ukikanyaga kwa nguvu, sehemu ya kipande hicho huteleza kidogo. Kanuni yetu ya kubiringika ni uongo wenye adabu. Kipande hichohicho nacho huchosha: mpira unabonyea, unarudi, na haurudishi nishati yote uliyopewa. Kwa hiyo kijana hakukosea kwamba kuna mwizi. Kamkamata jirani yake. Jaza upepo.

Nilipomaliza kummwagia kijana haya yote, hakukubali. Akaja na treni: chuma juu ya chuma, myu ndogo, na mbona inavuta mabehewa? Nikamwambia ina uzito mkubwa, na hata hivyo kikomo chake kiko karibu sana, hasa reli zikilowa. Ndiyo maana vichwa vya treni hubeba mchanga wa kumwaga relini, mbele ya magurudumu. Akanitazama, akamtazama fundi, akauliza kama namtania.