Uhuru 1961, shilingi yetu 1966

Wengi wanaamini kwamba bendera ya Mwingereza iliposhushwa Dar es Salaam usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961, Tanganyika ilipata na pesa zake siku hiyohiyo. Haikuwa hivyo. Mtu aliyekwenda sokoni kesho yake alilipa kwa noti yenye picha ya Malkia Elizabeth, iliyotolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki. Kenya na Uganda zilitumia hiyohiyo.

Bodi hiyo, iliyoundwa 1919, haikuwa benki kuu. Kazi yake ilikuwa kubadilisha shilingi kwa pauni, shilingi 20 kwa pauni moja, na akiba yenyewe ikawekwa London. Haikuwa na sera ya riba. Kwa hiyo serikali huru ilipanga maendeleo huku funguo za kasha ziko kwa mwingine. Hapo ndipo penye uzito, kuliko sura iliyochapwa kwenye noti; mwaka 1964 Malkia aliondolewa, ikawekwa mashua ziwani, na mfumo ukabaki uleule.

Tumaini lilikuwa shirikisho la Afrika Mashariki lenye sarafu moja. Lilipofifia, 1965 nchi zote tatu zilitangaza kuanzisha benki kuu zake. Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa Juni 14, 1966. Ndipo zikaja senti 50 zenye sungura na shilingi yenye mwenge. Novemba 1967 Uingereza ilipoishusha thamani pauni, Tanzania haikuifuata.