Kwata: mpe kijana amri mapema

Vijana wa Arusha na Moshi hawahitaji kushawishiwa wapende gwaride. Monduli kuna chuo cha kijeshi, Moshi kuna Shule ya Polisi, na wengi wamekua wakitazama watu wakipita kwa mwendo mmoja. Tatizo ni kwamba walimu wengi wa kwata huwafundisha kutii tu, na amri hubaki kinywani mwa mwalimu hadi mwisho wa mwaka. Mimi nataka kila kijana aamrishe tangu wiki ya kwanza, hata kama anachojua ni mguu sawa, mguu pande na kugeuka.

Kugeuka kwenyewe kufundishwe polepole. Kwa "kulia geuka", kisigino cha kulia na ncha ya mguu wa kushoto huzunguka pamoja nyuzi 90, uzito ukiwa mguu wa kulia, magoti yamekazwa na mikono imeganda mapajani. Hapo watulie. Kisha mguu wa kushoto uje kukutana na wa kulia, visigino vigusane, vidole vifunguke kama nyuzi 30. Wanaoyumba karibu wote wanageuka kwa mabega, kwa hiyo mikono inawaruka. Waambie wahesabu kwa sauti: moja, kimya, mbili. Hicho kimya ndicho wanachokiruka.

Kimya kama hicho kipo ndani ya amri pia, na hapa ndipo uongozi unapoanzia. "Kulia..." inamwandaa mtu, "...geuka!" inamtoa. Kijana mwenye woga huyabana maneno yote mawili, basi nusu ya kikosi inageuka na nusu inashangaa, naye anaanza kuwafokea. Gwaride likivunjika, kwanza chunguza amri iliyotolewa. Mrudishe aitoe tena, kidevu juu, pumzi kutoka tumboni, nafasi kati ya maneno iwe ileile kila mara. Watu huanza kumwamini kiongozi wanapoweza kukisia neno lake litatua lini.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote: chora mraba wa mita 15 kwa 15, weka vijana wanane ndani, mmoja awaongoze kwa dakika tatu bila mtu kuvuka mstari. Mwendo wa haraka ni kama hatua 120 kwa dakika. Hatua ya mtu mzima ikiwa sentimita 75, hiyo ni mita moja na nusu kwa sekunde. Sekunde kumi tu, mstari umefika. Wenye miaka 12 au 13 wapige hatua fupi, la sivyo wanarukaruka. Hapo kijana anajifunza kuwaza mbele ya watu wake, maana akisubiri mpaka mguu ukanyage mstari, amechelewa. Atakayeduwaa usimwokoe haraka. Waache wavuke, wapange upya, aendelee.

Kuna wanaopeleka mkono na mguu wa upande mmoja. Wasichekwe. Wanapofikiria mkono sana ndipo unapoharibika. Watembee kawaida, mikono ikining'inia, kisha uwaongezee mwendo kidogo kidogo. Kiongozi naye asahihishe kiungo, asimtaje mtu: "visigino, safu ya nyuma" inatosha.

Mwisho, jua. Moshi iko chini kuliko Arusha na Januari joto lake ni kali, hivyo anzeni saa moja asubuhi, watu wamekula na kunywa maji. Anayesimama kwa muda mrefu magoti yamekazwa hukusanya damu miguuni, naye huzimia. Wafundishe kuchezesha vidole ndani ya viatu na kupeleka uzito mbele kidogo. Macho ya kiongozi yapite nyusoni kila dakika: anayepauka au kupiga miayo atolewe kabla hajaanguka, alazwe kivulini, miguu iinuliwe.