Je, wajua kwa nini unene wa kihami joto pekee hauelezi ubora wa chumba cha kuongeza?

Anayeongeza chumba kwenye nyumba yake huko England hubanwa na kanuni za ujenzi zilizoanza kutumika Juni 2022, zinazotaka kiwango cha U, yaani kipimo cha joto linalopotea, cha ukuta mpya na cha sakafu kisizidi 0.18, cha paa 0.15, na cha madirisha 1.4. Wengi huenda na takwimu hizo dukani na kuuliza jambo moja tu: kihami joto, yaani nyenzo ya kuzuia joto lisipotee, kiwe na unene wa milimita ngapi? Swali hilo halitoshi, kwa kuwa joto la chumbani hutoka kupitia ukuta na paa kwa ujumla wake, na hutoka kwa wingi zaidi pale palipo dhaifu.

Kiwango cha U huonyesha ni wati ngapi za joto zinazopita katika kila mita ya mraba endapo halijoto ya ndani na ya nje zinatofautiana kwa nyuzi moja. Kadiri kilivyo kidogo, ndivyo chumba kinavyotunza joto. Ili kukipata, unene wa kila tabaka katika mita hugawanywa kwa kipimo cha upitishaji joto cha nyenzo yake, na jibu ndilo ukinzani wa tabaka hilo, yaani uwezo wake wa kuzuia joto lisipite. Kisha ukinzani wa matabaka yote hujumlishwa, pamoja na ule wa hewa inayogusa uso wa ndani (0.13 kwa ukuta) na uso wa nje (0.04), na hatimaye 1 hugawanywa kwa jumla hiyo.

Tuchukue ukuta wa kawaida wa huko: matofali ya kuchoma upande wa nje, uwazi katikati uliojazwa sufi ya madini ya milimita 150, matofali mepesi ya zege lenye vipovu vya hewa, kisha ubao wa jipsamu. Matofali ya nje huchangia ukinzani wa takriban 0.13, yale mepesi 0.67, na jipsamu 0.06, ilhali sufi yenye upitishaji wa 0.032 huchangia 4.69. Jumla ni karibu 5.72, na kiwango cha U ni 0.175, kinachokubalika. Uwazi huohuo ukiachwa mtupu, kiwango hupanda hadi 0.83, ukiwa wa milimita 100 na kujazwa sufi kinakuwa 0.24, na ukiwa wa milimita 200 hukifikisha 0.14. Milimita 100 za mwanzo ndizo zilizofanya kazi kubwa, na kila nyongeza baada ya hapo huleta nafuu ndogo kuliko iliyotangulia. Kwa sababu hiyo, kurundika unene mahali pamoja mara nyingi si matumizi mazuri ya fedha.

Paa ndilo linalowapotosha watu zaidi. Tuseme mbao za kenchi zenye upana wa milimita 47 zimepangwa kila baada ya milimita 400, kutoka katikati ya ubao mmoja hadi katikati ya mwingine, na kati yake kumewekwa povu gumu la milimita 150 lenye upitishaji wa 0.022. Anayehesabu povu na jipsamu pekee atapata 0.14 na kuamini kwamba amefaulu. Lakini ubao hupitisha joto karibu mara sita ya povu hilo, kwa kuwa upitishaji wake ni 0.13, na mbao zimechukua takriban asilimia 12 ya eneo. Tukihesabu njia mbili za joto kando kando, asilimia 12 hiyo inapitisha takriban asilimia 41 ya joto lote linalopotea paani.

Kanuni ya kimataifa ya ISO 6946 hufanya hesabu hii mara mbili, kwanza kwa kudhani kwamba joto linakwenda moja kwa moja bila kusambaa pembeni, kisha kwa kudhani kwamba linasambaa kwa uhuru, halafu huchukua wastani wa ukinzani uliopatikana katika hesabu hizo mbili. Kwa paa letu wastani huo unatoa kiwango cha U cha karibu 0.22, ambacho hakikubaliki. Dawa yake ni kupitisha tabaka lisilokatizwa chini ya mbao: milimita 50 za povu lilelile, zikifunika mbao na nafasi zote, hushusha kiwango hadi karibu 0.14. Ningemshauri kila anayejenga aanze na tabaka hilo, kwa kuwa linaziba njia ambayo unene wa kati ya mbao hauwezi kuigusa.

Hesabu hizi zote zinadhani kwamba vipande vya kihami vimebanana barabara. Hewa baridi ikipata upenyo wa kuzunguka nyuma yake, ukinzani uliohesabiwa hautapatikana, na ndiyo maana usimamizi wa fundi siku ya kupachika una uzito sawa na karatasi ya hesabu.

Kuhusu madirisha, chumba cha mita 3 kwa 4 chenye kuta za nje za mita 20 za mraba hupoteza wati 70 ukutani wakati nje ni nyuzi 0 na ndani ni 20, huku dirisha la mita 3 za mraba likipoteza wati 84. Kwa hiyo kanuni huruhusu madirisha na milango ifikie asilimia 25 tu ya eneo la sakafu ya chumba kipya, pamoja na eneo la madirisha na milango ya zamani iliyofunikwa na ujenzi. Anayetaka kioo zaidi anaweza kufidia kwa paa au sakafu bora, mradi wastani wa kiwango cha U cha chumba kizima, ukipimwa kwa maeneo, usizidi ule wa chumba chenye ukubwa na umbo hilohilo kilichofuata kanuni.